Kuuza Zamu Siku ya Sikukuu

Katika darsa yetu ya baada ya Isha liliulizwa swali ambalo baadhi ya ndugu, walipolisikia mara ya kwanza, walicheka. Muulizaji ana jamaa zake Dubai, naye amekusudia kuwapeleka watoto huko wakati wa Idd. Ameambiwa ya kwamba katika zile bustani kubwa za michezo, penye kila mchezo mna njia mbili: njia ya wenye tikiti ya kawaida, ambao husimama saa nzima au zaidi, na njia ya walioongeza pesa, ambao hupita ubavuni mwa wenzao wakapanda upesi. Akauliza: Je, yafaa Muislamu kununua zamu? Na yule aiuzaye, auza kitu gani, nacho ni cha nani?

Waliocheka walidhani kwamba elimu ya dini haina haja ya kufika penye pembea. Lakini haki haikuwekewa mahakama peke yake. Mtu hujulikana alivyo katika mambo madogo, pale angojapo mkate, angojapo kivuko, angojapo daktari. Na wakati ni katika mali chache ambazo tajiri na maskini wamepewa kwa kipimo kimoja, kwani saa ya huyu haina dakika zaidi ya saa ya yule. Ikiwa mali hiyo nayo yauzwa, tena yauzwa na asiyekuwa mwenyewe, basi yatupasa kuutazama uuzaji huo kwa macho mawili.

Kwanza tuyajue mambo kama yalivyo, maana hukumu ya kitu ni tawi la kukijua.

Bustani hizi zilipata sura yake ya leo huko Marekani. Tarehe 17 Julai 1955 Walt Disney aliifungua Disneyland katika mji wa Anaheim, California. Siku ile ilikuwa ya walioalikwa tu, lakini watu walichapa tikiti za uwongo, na walioingia wakakisiwa kuwa 28,000, zaidi sana ya walioalikwa. Lami ilikuwa bado mbichi, visigino vya viatu vya wanawake vikazama. Mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache kwa kuwa mafundi walikuwa wamegoma, na jua lilikuwa kali. Husimuliwa pia kwamba mtu mmoja aliegemeza ngazi uani akawa awapandisha watu kwa dola tano kila kichwa. Basi biashara ya kuwapita wenzako ilianza siku ileile ya kwanza, ila siku ile iliitwa wizi.

Katika miaka ya mwanzo mtu alinunua kitabu cha tikiti zenye herufi. Michezo midogo ilipandwa kwa tikiti ya A, na ile mikubwa, tangu mwaka 1959, kwa tikiti ya E. Kila kitabu kilikuwa na tikiti chache za michezo mikubwa, na kwa hivyo mtu hakuweza kuipanda mara kumi mfululizo. Alizimaliza tikiti zake akaondoka, akawaachia wengine. Mwaka 1982 vitabu hivi viliondolewa. Mtu akalipa mara moja mlangoni akapanda atakacho kadiri atakavyo. Jambo hilo liliwapendeza watu, na lina uzuri wake. Lakini bei ya kila mchezo haikuondoka. Ilibadili vazi tu. Badala ya kutoa tikiti, mtu akawa atoa wakati wake, na safu zikarefuka.

Hapa pana hesabu ambayo kila mtu yampasa kuifahamu, nayo si ngumu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu ya namna simu zinavyoingia na watu wanavyongojea laini, na elimu nzima ya foleni ikatokana na kazi yake. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni fupi: idadi ya watu waliomo katika safu ni idadi ya wanaoingia kwa saa mara saa wanazongoja. Maana yake kwetu ni hii. Ikiwa mchezo huchukua watu 1,000 kwa saa, na mbele yako wamesimama watu 2,000, utangoja saa mbili. Ukiweka vivuli, ukaweka mapanka ya hewa, ukawawekea watu picha za kutazama ukutani, ukaizungusha safu mara saba ili isionekane urefu wake, saa mbili ni saa mbili.

Sasa tuseme mwenye bustani atoa viti 600 katika vile 1,000 kwa walioongeza pesa. Waliobaki wana viti 400 kwa saa. Ikiwa bado wamesimama watu 2,000, wa mwisho wao hatangoja saa mbili tena, atangoja saa tano. Dakika alizoziokoa tajiri hazikushuka kutoka mbinguni. Zimechukuliwa kutoka kwa watu waliosimama juani, dakika moja kwa huyu na mbili kwa yule, mpaka zikatimia saa. Kwa sababu hii tikiti ya kupita haraka haipunguzi kungoja hata kwa sekunde moja. Yaondoa mzigo begani mwa mmoja ikautwika mabega ya wengine. Siku za kawaida, bustani ikiwa na watu wachache, mzigo huo ni mwepesi na aghlabu hauonekani. Sikukuu ndiyo siku ya kuonekana kwake, kwani siku hiyo viti ni vilevile na watu ni wengi mno.

Si kila njia ya kupanga zamu ni mbaya. Mwaka 1999 bustani za Disney zilianzisha utaratibu walioupa jina la FastPass. Mtu alikwenda kwenye mashine penye mchezo, akapewa cheti chenye saa ya kurudi, akaenda kula au kukaa kivulini, na saa yake ilipofika akapita kwa njia fupi. Cheti hakikuuzwa. Mwenye pesa na asiyekuwa nazo walipewa kwa kanuni moja, na kwa desturi mtu hakupewa cha pili mpaka wakati uliowekwa upite. Ulikuwa na kasoro zake: mjuzi aliyeamka mapema na kuujua mpango alifaidi kuliko mgeni, na safu ya wasio na cheti ilikwenda polepole zaidi. Hata hivyo katika asili yake ulikuwa ni zamu, ila zamu iliyoandikwa karatasini badala ya kusimamiwa kwa miguu.

Mwaka 2021 utaratibu huo uliondolewa kabisa na mahali pake pakawekwa wa kulipia. Katika bustani za Florida ulianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, mbali na tikiti ya mlangoni. Bei ikawa yapanda na kushuka kwa kadiri ya wingi wa watu. Mwaka 2024 ikaongezwa daraja ya juu zaidi, ambayo mwenye nayo hupita njia fupi katika michezo yote yenye njia hiyo bila ya kuweka saa, na bei yake ilipoanza huko Florida ilikuwa kati ya dola 129 na dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Msomaji aone vizuri: kadiri watu wanavyosongamana ndivyo bei inavyopanda. Dhiki ya wengi ndiyo bidhaa. Bustani ikiwa tupu hakuna atakayenunua. Kwa hivyo muuzaji hana sababu kubwa ya kutaka safu ya kawaida iende upesi. Hatumtuhumu mtu nia yake, lakini twasema ya kwamba mizani ambayo kuzito kwa upande mmoja ni faida ya mwenye mizani, haiachwi mkononi mwake bila ya kutazamwa.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Ferrari World ilifunguliwa Abu Dhabi mwaka 2010, na bustani kubwa ya IMG Worlds of Adventure ilifunguliwa Dubai mwaka 2016. Mwezi wa Mei 2025 ilitangazwa ya kuwa Disney itakuwa na bustani yake huko huko Abu Dhabi, katika kisiwa cha Yas. Jamaa zetu wengi wanaishi pande zile, na safari ya kuwatembelea wakati wa Idd imekuwa jambo la kawaida kwa wenye uwezo katika miji yetu. Basi swali la ndugu yetu ni swali la nyumba nyingi.

Tuje katika dini. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwinua mwenziwe penye kikao chake kisha akakaa yeye, akaamrisha watu wapanuliane nafasi, hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Na Ibn Umar mwenyewe alikuwa, mtu akimwondokea kwa heshima, hakai mahali pale. Siku ya Ijumaa mtu mmoja alikuwa akikata shingo za watu kwenda mbele, Mtume akamwamrisha akae, akamwambia kwamba amewaudhi watu. Wala hatukusikia kwamba aliulizwa kwanza kama ni mkubwa au mdogo, mwenye mali au fakiri.

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na jambo letu ni ile ya kikombe. Sahl bin Saad (R.A.) amesimulia kwamba Mtume aliletewa kinywaji akanywa. Kuliani kwake alikuwapo kijana, na kushotoni wazee. Kwa desturi zamu ilikuwa ya wa kulia. Mtume akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, akasema hamtangulizi mtu katika fungu lake litokalo kwake Mtume. Mtume akamtia kikombe mkononi. Natuzingatie hapa. Aliyetaka kuibadili zamu alikuwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Waliotakiwa kutangulizwa walikuwa wazee, wenye haki ya heshima. Aliyekuwa na zamu alikuwa mtoto. Na pamoja na hayo yote zamu haikuchukuliwa; iliombwa, na ilipokataliwa iliachwa kwa mwenyewe. Kumbe zamu ni haki, na haki hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeitangulia, hata akiwa mdogo asiyehesabiwa na watu.

Sasa tulirudie swali: yule aiuzaye auza cha nani? Lau mimi nimesimama katika safu, na tajiri akanijia akaniambia, nipe mahali pako, nami nitakwenda mwisho, chukua dola 50. Na mimi nikaridhika nikaenda mwisho kweli. Hapo hakuna aliyedhulumiwa, kwani nyuma yangu hakuzidi mtu wala hakupungua. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya kutoa haki kama hiyo kwa badali, hatutayaingia. Hata Imam Nawawi katika Al-Majmu‘ ametaja kwamba yafaa mtu kumtuma mwengine amshikie mahali msikitini, na mwenyewe akija yule aliyetumwa aondoke. Mmoja atoka, mmoja aingia. Lakini katika biashara ya bustani, anayepokea pesa si yule aliyetoa mahali pake. Walioziacha dakika zao ni watu 2,000, hawakuulizwa, hawakulipwa, na wengi wao hata hawajui kiasi walichotolewa. Muuzaji ameuza kikombe kilicho mkononi mwa kijana.

Ndugu mmoja mwenye akili za biashara alipinga, na hoja zake zafaa kujibiwa kwa insafu. Alisema: bustani ni milki ya mwenyewe, na mtu huuza milki yake kwa bei atakayo, hakuna aliyelazimishwa kuingia, na mbona merikebu na magari ya moshi yana daraja ya kwanza na ya pili, na hakuna aliyesema kuwa ni dhulma?

Ama daraja ya kwanza, mwenye nayo amenunua kiti kilicho chake, kipana zaidi, katika behewa lake. Hakuketi juu ya kiti cha abiria wa daraja ya pili, wala gari halikuchelewa kwa sababu yake. Wote hufika Nairobi saa moja. Lau mwenye gari angeuza viti vyote, kisha kila kituo akawashusha wa daraja ya pili kidogo ili wenye kulipa zaidi watangulie, watu wangepiga kelele. Katika bustani kiti ni kilekile, gari ni lilelile, kinachouzwa ni kutangulia tu.

Ama milki, ni kweli, na kwa hivyo hatusemi ya kwamba bustani haina haki ya kuweka bei yake. Ikitaka ipandishe bei ya mlangoni siku za sikukuu; ikitaka ifunge mlango idadi fulani ikitimia. Bustani za Disney Marekani zenyewe, zilipofunguliwa tena baada ya maradhi ya mwaka 2020, ziliwataka watu waweke siku zao kabla, na idadi ikawa na mpaka. Jambo hilo lilionekana kuwa lawezekana. Tatizo si bei. Tatizo ni kumuuzia mtu wa kwanza tikiti kwa maneno ya kwamba atapanda kwa zamu yake, kisha ile zamu ikauzwa tena kwa mtu wa pili. Kitu kimoja hakiuzwi mara mbili.

Ama ridhaa, hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu, nami nilikaa nayo siku kadha. Yeye asema: kila aingiaye ameona ubao, ajua kuna njia mbili, basi ameridhika. Najibu kwamba ridhaa ina sharti ya kujua. Ikiwa bustani yaandika wazi, kabla ya kununua, kwamba kati ya viti 1,000 vya kila saa viti kadha vimetengwa kwa walipao zaidi, na kwamba siku ya Idd mwenye tikiti ya kawaida huenda akapata michezo mitatu tu toka asubuhi mpaka jioni, na mtu akanunua hali ajua, hapo nakubali kwamba amejipunguzia mwenyewe haki yake. Lakini nani ameuona ubao kama huo? Kwa kawaida huonyeshwa picha za watoto wanaocheka. Mtu hulijua fungu lake halisi akiwa ndani, pesa zimeshalipwa, mtoto ameshikwa mkono, na pale njia mbili zinapokutana amesimama mtumishi anayewaachia wa njia fupi wapite wengi, kisha wa njia ndefu wachache. Kuridhika kwa aliyekwisha kufungiwa mlango hakuitwi kuridhika, huitwa kustahamili.

Kwa hayo sisi hatusemi kuwa kununua tikiti ile ni haramu. Kuharamisha si mchezo, na wapo wanaopenda neno hilo kuliko wapendavyo dalili. Twasema kwamba muuzaji asiyebainisha ana ghashi katika biashara yake, na kwamba mnunuzi aijuaye hesabu tuliyoitaja, akapita mbele ya wenzake siku ya msongamano, ajue ya kwamba anapita na dakika zao mfukoni.

Kutanguliza kwa dhara ni jambo jengine kabisa, na watu wasilichanganye na hili. Mgonjwa, kiwete, mzee asiyeweza kusimama, mama mwenye mtoto mchanga, hawa hutangulizwa kwa haja na si kwa bei, na moyo ulio mzima haukereki kwa kutangulizwa kwao. Bustani nyingi zina utaratibu huo. Lakini tazama namna pesa ilivyoufuata hata huko. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika habari za matajiri walioajiri watu wenye vilema wafuatane nao katika bustani ya Disney, ili familia nzima ipite kwa kisingizio cha yule mmoja. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kadi ya zamani ya wenye haja iliondolewa, pakawekwa utaratibu mwengine wa kurudi kwa saa, na mwaka 2024 masharti yakabanwa zaidi. Wenye dhara ya kweli wakalalamika kwamba wao ndio walioadhibiwa. Na kweli ndivyo uwongo unavyokwenda: mwongo hupanda pembea akashuka akaenda zake, na gharama hubaki kwa mkweli.

Sura ya Abasa imeteremka kwa sababu ya kipofu, Ibn Umm Maktum (R.A.), aliyekuja kutaka mafunzo hali Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makuraishi. Kukunja uso tu, ambako kipofu mwenyewe hakukuona, kumeteremshiwa aya zinazosomwa mpaka leo. Na wakubwa wale hawakuwa wamelipa kitu wapate kutangulia. Ilikuwa ni tamaa ya kuwaongoza, tamaa njema.

Siku ya Idd jambo hili huzidi uzito. Zakatul-fitri imefaradhishwa itolewe kabla ya sala ya Idd, ili siku hiyo fakiri asijione nje ya furaha ya watu. Kibaba cha mchele kinachopimwa katika kila nyumba ya pwani usiku wa kuamkia Idd maana yake ni hiyo. Basi fikiri baba aliyeweka akiba mwaka mzima kuwaleta watoto wake. Wamevaa nguo mpya. Wamesimama saa moja na nusu. Watoto wa rika lao wanapita pembeni wakikimbia, na mtoto auliza: Baba, mbona wale wanapita? Baba ana majibu mawili. Aseme kuwa wale wana pesa zaidi, na mtoto ajifunze siku ya Idd kwamba pesa hutanguliza. Au atoe mfukoni fungu la kodi ya nyumba ili mtoto asiulize tena. Na yule mtoto apitaye akikimbia naye amefunzwa jambo, pengine baya zaidi: kwamba wale waliosimama ni sehemu ya ukuta.

Tusiwaseme wa ng'ambo tukajisahau. Nani kati yetu hajaona mtu akiingia ofisi ya serikali kwa mlango wa nyuma kwa kuwa ana mjomba ndani, au kwa kitu kidogo kilichopita chini ya meza, na walioshika namba toka alfajiri wamekaa kwenye benchi? Huko hakuna hata ubao wa bei. Na misikitini mwetu mna misala inayotandikwa safu ya kwanza tangu asubuhi, mwenyewe yuko dukani akiuza, aje khatibu akiwa mimbarini, akate shingo za watu mpaka afike penye msala wake. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema ajaye anaweza kuuondoa msala huo akakaa yeye pale. Ni nani atakayethubutu? Hata Mina kwenyewe, ambako imepokewa kwamba Mtume hakukubali ajengewe nyumba ya kivuli kwa kuwa ni pahali pa aliyetangulia kufika (ameipokea Tirmidhi akaisifu kuwa nzuri, na wengine wameitia ila isnadi yake), leo mahema yana daraja, na ya karibu na Jamarat ni ya walipao zaidi.

Na walima zetu je? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba chakula kiovu ni chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri. Wenye kualika kwa kadi za rangi mbili, ya meza ya mbele na ya nyuma, wajiulize wao na muuza zamu wa Florida nani amemfunza mwenziwe.

Muulizaji wetu alitaka pia kujua afanyeje, kwani safari ameshaikata. Tulimwambia: kama waweza, usiende siku tatu za mwanzo, nenda baada ya hizo watu wakishapungua. Ukienda sikukuu yenyewe, fika kabla mlango haujafunguliwa, uianze michezo mikubwa, kwani saa ya kwanza huwa na safu fupi kuliko zote zitakazofuata. Kisha upumzike adhuhuri. Usimtume mtoto mmoja asimame halafu mkaja kumi mkaingia penye mahali pake. Aliyesimama ni mmoja na zamu yake ni moja, na Imam Nawawi amemtaja mmoja kwa mmoja. Ukiwa na mtoto mdogo asiyeweza kupanda, uliza kama kuna utaratibu wa wazazi kubadilishana, ambao mmoja hukaa na mtoto na mwengine hupanda, kisha wakabadilishana bila ya kusimama upya. Bustani nyingi zinao, hauna bei, nao ni wa haki kwa kuwa umewekwa kwa haja.

Akauliza jambo la mwisho, nalo lilituchukua muda kuliko yote: akiwa katika safu na wakati wa Alasiri ukaingia, na mbele yake bado saa nzima? Kuna hadithi katika Sahihi Muslim kwamba aliyeondoka penye kikao chake kisha akarejea, yeye ndiye mwenye haki nacho zaidi. Baadhi ya ndugu walitaka kuikisi safu kwa hadithi hiyo moja kwa moja. Wengine wakasema kikao hakitembei, na safu yatembea, na aliye nyuma hakujua kuwa mahali pale pana mtu. Tulikubaliana ya kwamba kabla ya kuondoka amwambie aliye nyuma yake: ninakwenda kusali, nitarudi, waniruhusu? Akiruhusu, arudi penye mahali pake bila ya kumsukuma mtu. Akikataa, basi ana haki yake kama yule kijana wa kikombe. Aende akasali, kisha aanze mwisho wa safu pamoja na watoto wake.